Mistari kwenye shavu la bibi

Najua nimewapotea kama wiki tatu hivi, na kuna mshikaji mmoja wa bwenini kashaanza kutangaza kwamba nimedisko. Sijadisko bwana. Nilikwenda nyumbani kwenye arobaini ya bibi, na niliporudi nikakuta majaribio mawili yananisubiri mlangoni kama watu wanaonidai siku bumu limetoka. Leo ndo nimepumua. Basi niwape kisa kilichonipeleka maktaba siku tatu mfululizo bila kulazimishwa na mhadhiri yeyote.

Bibi aliacha picha moja tu ya maana. Ni ya studio, nyeusi na nyeupe, amekaa kwenye kiti cha mbao, ushungi umetulia, taa imempiga upande mmoja na upande wa pili wa uso uko kivulini. Picha ilikuwa kwenye fremu, na kwa unyevu wa miaka mingi karatasi ilikuwa imegandana na kioo. Mama mdogo akaniita: "We ndo msomi wetu wa kompyuta, itengeneze tuikuze, tuitundike sebuleni kabla ya arobaini." Nikaichukua, nikaiskani kwa skana ya mwenzangu pamoja na kioo chake. Halafu nikajifanya fundi, nikajaribu kuibandua. Ikachanika. Nusu ya uso ikabaki kwenye kioo.

Kuanzia hapo, faili langu ndiyo ilikuwa picha pekee ya bibi duniani.

Skana ilitoa faili la biti 16. Faili lilikuwa zito, flashi yangu ndogo, nikalishusha mpaka biti 8 na kulihifadhi juu ya lile la kwanza. Nikachora maski ya kumtenga bibi na ukuta uliojaa madoa, nikaulainisha ukingo wake, kisha nikaangaza ule upande wa uso uliokuwa gizani. Kwenye skrini yangu ndogo ilipendeza kweli. Nikaituma nyumbani, wakaichapisha kubwa. Kesho yake simu ikaita.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Mwanangu, mbona mama ana mistari usoni kama pundamilia?"

Nikachoka mwenyewe. Mistari gani tena? Nikafungua faili, nikalikuza, na kweli bwana: shavuni, mahali ambapo kivuli kilitakiwa kiteremke taratibu kama mtelemko, kulikuwa na ngazi. Mkanda wa kijivu, halafu mkanda wa kijivu kingine, halafu kingine, kila mmoja na mpaka wake. Ndipo nilipoanza kuuliza: hivi hii mikanda inatoka wapi, na waliotutangulia waliipigaje vita? Kumbe ina historia ndefu, na jibu lake ni la ajabu kidogo: mikanda inatibiwa kwa uchafu. Yaani zile chengachenga tunazozilaani kwenye televisheni antena ikiyumba ndizo dawa yenyewe. Ila dawa ina saa yake, na mimi niliinywa saa mbaya.

Ngazi badala ya mtelemko

Tuanze na hesabu ndogo. Kompyuta haijui kivuli, inajua namba. Picha ya biti 8 ina namba 256 kwa kila rangi, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi mpaka 255 ambayo ni nyeupe. Ya biti 16 ina namba 65,536. Chukua anga la jioni linalotoka namba 180 kwenda 200 katika upana wa pikseli 4,000. Hapo kuna hatua 20 tu za kugawana pikseli 4,000, kwa hiyo kila hatua inachukua pikseli kama 200 zilizo sawasawa kabisa, halafu ghafla inaruka. Huo ndio mkanda.

Sasa utasema hatua moja kati ya 256 ni ndogo sana, nani ataiona? Jicho litaiona. Mwaka 1865 mwanafizikia wa Austria, Ernst Mach, alieleza kwamba pale vivuli viwili vinapokutana, jicho huongeza chumvi: upande wa giza unaonekana giza zaidi karibu na mpaka, na upande wa mwanga unaonekana mwanga zaidi. Macho yetu yameumbwa kutafuta kingo. Ukilionyesha jicho tofauti ndogo kwenye mstari mrefu ulionyooka litaidaka mara moja, lakini tofauti hiyo hiyo ukiitawanya ovyo ovyo litaichanganya yote na kuona wastani. Shika hilo la wastani, maana historia yote inasimama juu yake.

Magazeti yalianza kabla ya kompyuta

Wachapaji walikutana na tatizo hili zamani sana, tena kwa ukali kuliko sisi. Mtambo wa kuchapa una wino mweusi tu. Hauna kijivu. Ama unaweka wino ama huweki, ambayo kwa lugha yetu ya leo ni picha ya biti 1. Sasa utachapaje uso wa mtu?

Mwaka 1852 huko Uingereza, William Henry Fox Talbot alichukua hataza ya njia ya kuchonga picha kwenye bamba, na ndani yake alitumia kitambaa chepesi chenye matundu, fikiria chandarua, ili kuivunja picha iwe vipande vidogo vidogo vinavyoshika wino. Tarehe 4 Machi 1880 gazeti la Daily Graphic la New York lilichapisha picha ya vibanda vya maskini wa mji huo, kazi iliyosimamiwa na Stephen Horgan, na picha hiyo hutajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa za aina hiyo kwenye gazeti la kila siku. Mwaka 1882 Georg Meisenbach wa Ujerumani naye akachukua hataza ya njia yake. Wazo lilikuwa lile lile: mahali penye giza weka nukta nono, mahali penye mwanga weka nukta kondefu, na jicho la msomaji litajipigia wastani lenyewe.

Chukua gazeti lolote, lisogeze puani, utaziona nukta. Lirudishe mbali, uso unarudi. Ni kama mchele na chenga zake kwenye ungo: ukiwa karibu unahesabu punje, ukiwa mlangoni unaona weupe mmoja tu.

Kijana wa MIT na wazo la kichaa

Tusogee mbele. Mwaka 1937 Mwingereza Alec Reeves, akifanya kazi Paris, alibuni njia ya kupeleka sauti kwa namba: unapima wimbi mara nyingi kwa sekunde, kila kipimo unakizungusha kwenye namba ya karibu, unapeleka namba. Simu za dunia nzima baadaye zilifuata njia hiyo. Ikaja zamu ya televisheni. Mwaka 1951 W. M. Goodall wa maabara za Bell huko Marekani alichapisha makala kuhusu kupeleka picha za televisheni kwa njia hii hii. Na hapo mikanda ikajitokeza: ukitumia tarakimu chache, vivuli laini vinavunjika na kuwa kama ramani ya milima ya kwenye darasa la jiografia, mistari ya mwinuko imezunguka uso wa mtu.

Suluhisho la kwanza la akilini ni kuongeza biti. Lakini biti ni pesa, hasa enzi zile. Ndipo anapoingia Lawrence Roberts, mwanafunzi kama sisi. Mwaka 1961 aliandika tasnifu yake ya uzamili pale MIT, na mwaka 1962 akaichapisha kama makala. Alisema hivi kwa kifupi: ili picha iwe nzuri kwa njia ya kawaida unahitaji angalau biti 6 kwa kila nukta. Lakini ukiongeza kelele kidogo kwenye picha *kabla* ya kuizungusha namba zake, halafu upande wa kupokea uondoe kelele ile ile, ngazi zinavunjika na biti 3 zinatosha.

Hebu soma tena. Jamaa anasema ukitaka picha safi, ichafue kwanza. Mimi niliposoma mara ya kwanza nilidhani Kiingereza kimenishinda.

Lakini hesabu inakubali. Tuseme shavu la bibi mahali fulani lina thamani ya 100.3. Kompyuta inazungusha, inaandika 100. Pikseli ya pili nayo 100.3, inaandika 100. Ziko elfu moja, zote 100. Ile 0.3 imekufa, na hakuna atakayejua iliwahi kuwepo. Sasa kabla ya kuzungusha, kila pikseli ongezee namba ya bahati nasibu kati ya -0.5 na 0.5. Baadhi zitavuka mstari na kuwa 101, nyingi zitabaki 100. Ngapi zitavuka? Kama 30 katika kila 100. Piga wastani wa eneo lote: 100.3! Kile kidogo kilichotaka kufa kimehifadhiwa, sio ndani ya pikseli moja bali katika umati wake. Haba na haba hujaza kibaba.

Ufundi huu Waingereza wanauita kwa neno la zamani lenye maana ya kutetemeka. Humu nitauita ditha. Roberts mwenyewe hakuishia hapo. Huyo huyo ndiye aliyekuja kuongoza ujenzi wa ARPANET, ule mtandao wa 1969 uliozaa intaneti unayoitumia kunisoma. Alifariki mwaka 2018.

Deni la dukani kwa Mangi

Baada ya Roberts, watu walianza kuuliza: kama chenga ni dawa, je, lazima ziwe za bahati nasibu? Mwaka 1973 Bryce Bayer wa Kodak alionyesha jedwali la namba unalolirudia juu ya picha nzima kama vigae vya sakafuni. Kila kigae kina mipaka yake: pikseli ikivuka mpaka wa mahali pake inakuwa nyeupe, isipovuka inabaki nyeusi. Jedwali la 4 kwa 4 linakupa vivuli 17 kutoka kwenye nyeusi na nyeupe tupu. Ukiona picha ya kompyuta ya zamani yenye msuko kama wa mkeka, ni mtindo huu. Bayer huyu huyu ndiye mwenye ule mpangilio wa nyekundu, kijani na bluu uliomo ndani ya kamera za simu nyingi tulizonazo mfukoni.

Kisha wakaja Robert Floyd na Louis Steinberg wa Stanford. Makala yao ya 1976 ndiyo ninayoipenda kuliko zote, maana inafanana kabisa na duka la Mangi pale nje ya geti. Unanunua kitu, chenji ya shilingi 50 hana. Hakuibii. Anasema: "Utakuja nayo kesho." Deni linahamia kwenye manunuzi yanayofuata.

Ndivyo wanavyofanya. Pikseli ina thamani 100. Ama iwe 0 ama 255. 100 iko karibu na 0, basi andika nyeusi. Lakini umeidhulumu 100. Deni hilo ligawe katika mafungu 16: mafungu 7 mpe jirani wa kulia, 5 mpe wa chini, 3 wa chini kushoto, 1 wa chini kulia. Jirani wa kulia naye alikuwa 100, sasa ana 143.75, amevuka nusu, anakuwa nyeupe, na kwa kuwa amepewa kupita kiasi, deni lake linageuka kuwa la upande wa pili. Mwisho wa picha hesabu inakaribia kabisa kufunga. Hakuna senti inayotupwa njiani.

Mwaka 1984 Apple walitoa Macintosh, skrini ya pikseli 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe bila kijivu hata kimoja. Bill Atkinson, aliyeandika programu ya kuchora ya MacPaint na kufariki mwaka 2025, alikuwa na mtindo wake: anagawa mafungu 6 tu kati ya 8 ya deni. Robo anasamehe. Huyo ni Mangi mwenye huruma. Picha zake zinang'aa, weupe unakuwa mweupe kweli na weusi mweusi kweli, lakini vivuli hafifu vya pembeni vinapotea. Kila msamaha una mtu anayeulipia.

Watu wakadhani vita imeisha

Mwaka 1987 likaja umbo la faili la GIF lenye rangi zisizozidi 256, na miaka ya 1990 watengeneza tovuti wengi walijibana kwenye rangi 216 ili kompyuta za watu zisiwaharibie kazi. Enzi hizo ditha ilionekana waziwazi, kila picha ina vipele. Kadi za picha zilipopata nguvu na skrini zikaanza kuonyesha rangi 16,777,216, watu wakashangilia. Milioni 16! Nani atahitaji chenga tena?

Lakini hiyo milioni 16 ni 256 mara 256 mara 256. Kwa kijivu, ambacho nyekundu, kijani na bluu ni sawa, bado unabaki na hatua 256. Picha ya bibi haikupata chochote kwenye hiyo milioni.

Na kuna jambo la pili, nalo ndo lilinimaliza mimi: kuangalia picha ni tofauti na kuihariri. Hatua 256 zinatosha kuangalia. Kuhariri ni kuvuta. Ule upande wa uso wa bibi uliokuwa kivulini ulikaa kati ya namba 30 na 70. Hapo kuna vivuli 41 tu. Mimi nikauangaza ukaenea kutoka 40 mpaka 200. Vivuli vilibaki vile vile 41, ila sasa kila kimoja kinaruka namba 4 kumfikia mwenzake. Ndiyo pundamilia hiyo. Kwenye faili la biti 16, lile nililolifuta kwa mikono yangu, eneo hilo hilo lilikuwa na nafasi zaidi ya 10,000. Sisi wenye ngozi nyeusi tukipigwa picha kwenye mwanga hafifu nyuso zetu zinakaa huko chini kwenye namba ndogo, na mtu akitaka kutuangaza ndo anavuta. Kwa hiyo hili si suala la wapiga picha wa anga peke yao.

Maski nayo ni picha, ila ni amri pia

Sasa tuje kwenye maski. Mwaka 1977, Alvy Ray Smith na Ed Catmull, wakiwa Taasisi ya Teknolojia ya New York, waliipa picha mfereji wa nne. Mitatu ya kwanza ni rangi, wa nne unasema kila pikseli ionekane kiasi gani. Wakauita alfa, kwa herufi ya Kigiriki iliyokuwa kwenye hesabu yao. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm wakaandika kanuni za kuunganisha picha kwa kutumia mfereji huo. Maski ninayochora mimi leo kumtenga bibi na ukuta wenye madoa ni mjukuu wa kazi hiyo: nyeupe maana yake onyesha, nyeusi maana yake ficha, kijivu maana yake onyesha nusu nusu.

Angalia tofauti. Chenga kwenye picha ni chenga tu, jicho linazipigia wastani na maisha yanaendelea. Chenga kwenye maski ni amri. Pikseli moja ya maski ikisema "onyesha" na jirani yake ikasema "ficha", programu inatii zote mbili. Na maski huwa haiachwi jinsi ilivyo: unailainisha, halafu unaikaza ukingo, halafu unaisukuma kidogo. Ukikaza maski ya biti 8 kwa kuvuta namba 100 mpaka 150 zienee kutoka 0 mpaka 255, vivuli 51 vinaruka namba 5 kila kimoja, mikanda inatokea. Ukiwa umeitia ditha kabla ya kukaza, ile chenga ya namba 1 nayo inavutwa, inakuwa ya namba 5. Ukikaza tena inakuwa ya 20 au zaidi.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la pili. Baada ya ile simu, nilisoma mahali kwamba chenga huua mikanda, nikakimbilia kuzimwaga kila kona, mpaka kwenye maski, *halafu* nikakaza ukingo. Ushungi wa bibi ukatoka umezungukwa na vidoa vyeupe kama kumbikumbi kwenye taa baada ya mvua. Bora hata pundamilia.

Kosa la tatu lilikuwa kugeuza faili la biti 8 liwe la biti 16 nikitegemea vivuli vitarudi. Havirudi. Ni kumwaga kikombe cha maji kwenye pipa ukitegemea pipa lijae. Faida pekee ni kwamba kazi utakayoifanya kuanzia hapo haitaongeza hasara mpya.

Waandishi wa programu walilijua hili, ila kwa mwendo wa kinyonga. Photoshop ilianza kuuzwa mwaka 1990, lakini ni toleo la CS la mwaka 2003 lililoruhusu kufanya kazi kwa tabaka kwenye biti 16. GIMP, hii ya bure ambayo wengi wetu hapa chuoni tunaitumia, ilikaa kwenye biti 8 mpaka toleo la 2.10 la mwaka 2018 lilipofungua mpaka biti 32. Na ukishusha kina cha biti humo ndani, dirisha linakuuliza kuhusu ditha mara tatu: kwenye tabaka za kawaida, kwenye tabaka za maandishi, na kwenye mifereji na maski. Zamani nilikuwa nabonyeza tu nipite. Sasa najua kwa nini wanauliza mbali mbali. Tabaka la picha unalokwenda kulichapisha, litie ditha. Maski ambayo bado utaikaza na kuivuta, iache.

Saa ya dawa

Basi kama ningerudishwa siku ile, ningefanya hivi. Ningeskani kwa biti 16 na kulihifadhi faili la kwanza mahali nisipoligusa kabisa. Ningefanya kila kitu, maski, kulainisha, kuangaza, kukaza, nikiwa bado juu kwenye biti 16 bila kutia chenga popote. Mwisho kabisa, kazi ikishakamilika, ningeshuka mara moja tu mpaka biti 8, na ditha ningeitia hapo hapo kwenye kushuka. Na nisingeibana sana kwenye JPEG baada ya hapo, maana JPEG ikibana huanza kufuta vitu vidogo vidogo, na chenga ndo vidogo vyenyewe. Zikifutwa, mikanda inarudi.

Hilo ndilo Roberts alilolisema tangu 1961 na mimi nililisoma haraka haraka nikaliruka: kelele *kabla* ya kuzungusha namba. Chenga inayotiwa kabla ya kukata inabeba kile kinachokatwa. Chenga inayotiwa baada ya kukata haibebi kitu, inafunika tu. Kwa macho zinafanana kabisa. Moja ni kumbukumbu, nyingine ni poda.

Mimi nilibakiwa na poda. Nikalichukua lile faili la biti 8, nikalipandisha biti 16, nikalainisha mikanda ya shavuni kwa mkono mpaka saa tisa usiku, na mwisho kwenye kushuka nikanyunyiza chenga nyembamba, kama zile punje za filamu ya zamani. Ikapendeza, siwadanganyi. Siku ya arobaini ilikuwa imetundikwa sebuleni, na watu waliokuja walisimama mbele yake kimya.

Jioni, wageni walipopungua, mama mdogo akanivuta pembeni. "Umeweza mwanangu. Sasa hapo ni mama." Akaitazama tena, akaisogelea, akagusa kioo kwa kidole karibu na jicho la kushoto. "Lakini kale kakovu kake ka hapa kako wapi? Kalionekana kwenye ile picha, ukikaa nayo dirishani."

Sikuwa na jibu. Kale kakovu kalikuwa tofauti ndogo ya kijivu ndani ya kivuli, hatua moja au pungufu. Pengine kalikufa nilipozungusha namba. Pengine kalibaki kidogo, na mimi nikakalainisha usiku ule nikidhani ni ukingo wa mkanda, maana kwenye namba 41 kovu na mkanda vinafanana. Nikamwambia tu, "Kamepotea mama mdogo, nisamehe." Akasema, "Haya. Sisi tunakajua kalipo."

Wadau, nendeni mkaskani picha za wazee wenu. Ziskani kwa biti nyingi kadiri skana inavyoweza, hifadhini nakala mbili, na flashi ikijaa nunueni nyingine hata kama bumu limebaki la kula maharage. Jumatatu nina jaribio saa mbili asubuhi, naenda kupiga msuli. Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda.